Mkono wa Usingizi

Dada yangu alikuwa na mkono mwepesi kuliko msusi yeyote niliyewahi kumwona, na mimi nimekaa na wasusi maisha yangu yote. Wateja walimwita Usingizi. Mtu anaingia saluni amekunja uso, nywele zake zimekaa mwezi mzima bila kuonja kitana, anakaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya Dada, na kabla ya mstari wa tatu kidevu kimeshaangukia kifuani. Watoto walikoroma. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mapacha wachanga alikuja kusukwa hata pale nywele zake zilipokuwa bado nzuri. Alisema wazi kwamba alikuwa anakuja kulala.

Mimi waliniita Koleo. Sioni haja ya kueleza kwa nini.

Saluni yetu ni chumba cha mbele cha nyumba tuliyoachiwa na mama. Kuna kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimegoma kuzunguka, kigoda, benchi la wanaosubiri, na beseni la kuoshea nywele nyuma ya pazia. Mafungu ya nywele bandia yananing'inia ukutani, kuanzia zile nyeusi hadi zile nyekundu ambazo hununuliwa na wasichana waliogombana na wazazi wao. Mimi naosha, natia dawa, nakausha. Dada alikuwa anasuka. Mgawanyo huo haukuwahi kujadiliwa. Mama alitufundisha sote wawili siku moja, akakagua kazi ya Dada, akakagua yangu, akaniambia, "Wewe utaosha."

Watu hudhani kusuka ni kazi ya macho. Si kweli. Ngozi ya kichwa ina kikomo chake, na ncha ya kidole ndiyo inayopewa taarifa ya kikomo hicho kabla hata ya mwenye kichwa. Dada alisuka akiangalia barabarani. Alisuka akibishana na redio. Alisuka akinitukana mimi kwa jinsi nilivyokunja taulo, na mistari ikatoka imenyooka, imelala, haina hata unywele mmoja uliovutwa zaidi kuliko mwenzake. Na zaidi ya mkono huo hakuwa na kitu. Shule aliiacha mapema, mume aliondoka mtoto wao akiwa anatambaa, kupika kwake ni kwa kujaza tumbo tu. Watu wakimsifu wakisema chanda chema huvikwa pete, alijibu kwamba chake kimezoea uzi. Mkono ule ndio uliomlea binti yake na kumsomesha. Ukimwondolea Dada mkono wake, kinabaki kitu gani? Hilo ndilo swali tulilokuja kuulizwa, na hatukuwa tumejiandaa.

Jambo la kwanza nililoliona ni dogo. Dada alianza kuangalia kichwa anachokisuka.

Nilimwona kwenye kioo. Ameinama, amekaza macho, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Redio ikasema upuuzi wake wa kila siku naye hakuijibu. Baadaye kitana kikaanza kumponyoka. Kinaanguka, anakiokota, anakishika, anakitazama mkononi ahakikishe kipo. Nikamuuliza ana nini, akasema vidole vimekufa ganzi kidogo, labda amelalia mkono. Alilalia mkono huo miezi mingi.

Kisha akaanza kuvuta. Na hapa ndipo watu walipotuchanganya, kwa sababu mwanzoni walifurahi. Nywele zilizokazwa hukaa muda mrefu, na kila mtu anapenda kitu kinachodumu. "Siku hizi unakaza, dada, safi sana," walisema, wakaenda zao macho yakiwa yamepandishwa kuelekea masikioni. Walirudi na vipele kwenye paji la uso. Halafu hawakurudi.

Nilimwambia. Mimi si mtu wa kumeza maneno.

"Dada, unavuta."

"Nani kasema?"

"Yule msichana ametoka hapa anaonekana kama mtu aliyeona jini. Hawezi hata kufumba macho."

"Koleo leo anamfundisha Usingizi kushika nywele," alisema. "Haya, dunia imekwisha. Tufunge duka."

Tulicheka wote, maana hata mimi nilijua inachekesha. Lakini nilikuwa peke yangu katika kumwambia, na neno la mdogo wako mwenye mkono wa koleo lina uzito gani? Wateja wenyewe walikaa kimya. Walikaa kwenye kile kigoda wakiuma midomo, machozi yakiwalengalenga, na Dada akiuliza, "Uko sawa, mama?" walijibu, "Niko sawa kabisa, dada, endelea." Angewezaje kujua? Vidole vilikuwa vimeacha kumwambia, na midomo ya watu haikutaka kuchukua zamu.

Mwalimu mmoja wa shule ya jirani ndiye aliyenimaliza. Dada alimsuka tangu akiwa binti chuoni, alimsuka siku ya harusi yake, alimsuka kwa msiba wa mama yake. Siku moja tukamwona anapita barabarani amenyoa. Kichwa kitupu, kinang'aa. Akatupungia mkono, akasema joto limezidi, ameona apumzishe nywele. Nilikutana naye sokoni wiki ile ile nikambana hadi akasema. Alikuwa hapati usingizi kwa maumivu kila akitoka kwetu. Na kwa kuwa hakuweza kumwambia Dada, wala hakuweza kuonekana kwa msusi mwingine mtaa huu huu, aliona njia ya adabu ni kunyoa.

"Mwalimu," nikamwambia, "si ungesema tu? Mdomo unao."

"Mdomo ninao," akasema. "Uso wa kumtazama nikishasema ndio sina."

Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Haisemi chochote kuhusu watu wanaokufichia maradhi yako kwa heshima.

Sasa nieleze habari ya sukari, kwa sababu kila kitu kilisukumiwa huko. Dada alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na kwa jambo hilo alikuwa na nidhamu ya askari. Vidonge asubuhi, vidonge jioni, bila kusahau. Chai bila sukari. Halafu benchi letu la kusubiria, ambalo lina madaktari wengi kuliko hospitali, likamshauri kwamba mwenye sukari asile nyama. Akaacha nyama. Likamshauri mayai ni sumu. Akaacha mayai. Maziwa nayo yakasemwa vibaya, yakaenda. Akabaki na mboga za majani, maharagwe, na ile nidhamu yake.

Ulimi ukaanza kumsumbua. Chai ya moto ilimchoma, pilipili hakuweza kuisogelea, naye alikuwa mtu wa kutafuna pilipili kama karanga. Nikamwambia autoe niuone. Ulikuwa mwekundu na laini, umeng'aa, hauna vile vipele vidogo vya ulimi.

"Chakula kina ladha ya karatasi," akasema.

"Umewahi kula karatasi?"

"Nakula hapa kila siku. Si wewe unayepika?"

Hiyo ilikuwa moja ya mizaha yake ya mwisho kwa muda mrefu. Baada ya hapo alianza kuchoka. Alisinzia kwenye kiti kati ya mteja na mteja, na wateja wenyewe walikuwa wachache, kwa hiyo alisinzia sana. Midomo ikapauka. Tukaenda kituo cha afya, wakampima, wakasema damu imepungua. Kuhusu ganzi ya vidole na miguu wakasema, "Ni sukari hiyo, mama. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu." Hawakusema uongo. Sukari hufanya hivyo kwa watu wengi. Tukarudi nyumbani tukiwa na jibu, na mtu mwenye jibu haulizi tena.

Binti ya Dada alikuwa mjamzito wakati ule. Anafanya kazi kiwanda cha sabuni, ni mtoto mwenye huruma kupita kiasi, mtu wa kumpa paka samaki yeye akabaki na mwiba. Kliniki walikuwa wamempa vidonge vya wajawazito vya kuongeza damu. Akaja navyo.

"Mama, damu yako ndogo, na hivi vinaongeza damu. Tugawane. Vikiisha nitanunua vingine dukani."

Nani angekataa? Vilikuwa dawa halali, vimetoka kwa wauguzi, kwa kazi hiyo hiyo. Na vikafanya kazi. Viganja vya Dada vikapata rangi, akaacha kusinzia mchana, tukaenda kupima tena na muuguzi akasema damu imejaa vizuri kabisa. Tulirudi tumefurahi. Binti alitembea njia nzima ameshika mkono wa mama yake. Nilimwambia mpwa wangu kwamba amemponya mama yake, na nilimaanisha.

Lakini ganzi ilipanda. Ilitoka kwenye ncha za vidole ikaja kwenye viganja. Miguuni ilipita vifundo. Dada alivaa ndala akaziacha njiani asijue, akafika dukani peku. Watu wa mtaa walicheka, naye akasema, "Kumbe," akarudi kuzifuata.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba ganzi ilipita mwilini ikaingia kwenye tabia. Dada yangu ni mgomvi. Tumegombana tangu tukiwa na meno ya utotoni, na huo ndio upendo tuliojaliwa. Sasa nikibadilisha stesheni ya redio, anasema sawa. Nikimwambia mteja wake wa miaka mingi amehamia saluni ya ng'ambo ya barabara, anasema sawa. Nilichemsha maharagwe nikayaunguza kwa makusudi. Alikula, akasema sawa. Nilikuwa naishi na mtu aliyevaa uso wa dada yangu, na nilimkumbuka Dada mwenyewe huku amekaa mbele yangu.

Mjukuu alizaliwa, msichana. Tulikwenda kumwona nyumbani kwao siku ile ile waliyotoka kliniki. Binti alikuwa amelala kitandani, amechoka, anatabasamu, akamweka mtoto mikononi mwa mama yake. Dada alimtazama.

"Ana vidole vyote," akasema. Kisha akamrudisha haraka, kama mtu aliyepewa kikombe cha moto.

Jioni, nikiwa jikoni kwa binti nachemsha maji, akaja akaegemea mlango. "Mamdogo," akaniambia, "mama hanipendi tena? Hata kumbusu mtoto hakumbusu." Nilikasirika. Nilitembea hadi nyumbani nimekasirika, nikamkuta Dada, aliyetangulia kurudi, amekaa kwenye benchi la saluni, hajawasha taa, hajavua viatu.

"Una nini wewe?" nikamuuliza. "Mjukuu wako wa kwanza unamrudisha kama mzigo wa mtu?"

Alivitazama viganja vyake. Halafu akazungumza taratibu, bila hasira na bila huzuni, sauti moja tu, iliyolala.

"Najua ni mjukuu wangu. Najua hii ni siku ya furaha. Nimekaa hapa naingoja hiyo furaha, haijaja. Na yule mtoto, nilipomshika, sikujua kama nimemshika. Nilikuwa nikimwona tu mikononi kwa macho. Ningefumba macho ningesema mikono mitupu. Ningemwangusha, mdogo wangu. Au ningembana. Nisingejua."

Hasira yangu ikaisha palepale. Nilikaa naye, nikawasha taa baadaye.

Haikupita muda akaanguka. Alikuwa anaosha uso kwenye beseni la saluni asubuhi. Alipaka sabuni, akafumba macho, na mara hiyo hiyo akaenda chini upande mmoja pamoja na ndoo. Nilimkuta sakafuni, povu usoni, anapapasa. Nilimuuliza kama ameteleza.

"Sijateleza. Nikifumba macho sijui miguu yangu iko wapi."

Safari hii hatukwenda kituo cha afya. Tulikwenda hospitali kubwa, na kwa kuwa wauguzi waliwahi kutuambia tubebe dawa zote anazotumia mgonjwa, nilizitia zote kwenye mfuko wa plastiki. Binti alikuja pia na mtoto mgongoni, ingawa nilimwambia apumzike.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimwambia Dada asimame, miguu pamoja, afumbe macho. Dada akayumba, nikamdaka. Akachukua chuma chenye meno mawili, akakigonga, akakiweka kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu. "Kinatetemeka?" Dada akauliza, "Kiko wapi?" Akamwambia atoe ulimi, akautazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaomba mfuko.

Alitoa dawa moja moja akazipanga mezani. Za sukari akauliza ametumia kwa muda gani, akatikisa kichwa alipoambiwa ni miaka mingi. Akaokota kikopo cha mwisho.

"Na hivi ni vya nani?"

"Ni vyangu," akasema binti. "Vya ujauzito. Nilikuwa nagawana na mama kwa sababu damu yake ilipungua. Na ilipanda."

Daktari akaweka kikopo chini, akageuza kiti chake akamwelekea Dada. Alieleza kwa lugha nyepesi, na mimi nitaeleza nilivyoelewa. Kuna vitamini inaitwa B12. Mwili haujitengenezei, huipata kwenye nyama, maini, samaki, mayai, maziwa, yaani vile vyote ambavyo benchi letu lilimkataza. Vidonge vya sukari ni vizuri na asiviache, ila kwa baadhi ya watu, wakivitumia miaka mingi, huzuia mwili kuinyonya vitamini hiyo hata ile kidogo iliyopo. Ikipungua, damu hupungua, ulimi huchubuka, moyo hupoa hata mtu asitambue furaha yake mwenyewe, na mishipa ya fahamu huanza kuvuliwa ngozi yake kidogo kidogo. Ganzi ya Dada tuliyoisingizia sukari huenda kwa sehemu kubwa ilikuwa hii.

"Na vidonge vya binti?" nikauliza.

"Vina vitamini nyingine ya kundi hilohilo la B. Huijaza damu, lakini mishipa ya fahamu haiisaidii. Damu ikipanda, sisi tunaopima damu tunaona mgonjwa amepona. Kumbe mishipa inaendelea kuharibika."

Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kwenye kikopo cha dawa, kimeletwa kwa upendo.

Binti alikaa chini. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfichia ugonjwa," akasema.

"Wewe ulimpa damu," akasema daktari. "Alikuwa anaihitaji."

Lakini binti hakufarijika, na sikumlaumu kwa kutofarijika. Mtoto alianza kulia mgongoni kwake naye hakumsikia. Dada ndiye aliyesema, "Mnyonyeshe mtoto," kwa ile sauti yake iliyolala. Kisha akamgeukia daktari akamwuliza neno moja tu.

"Vidole?"

"Tutaanza sindano leo," akajibu daktari. "Kinachoweza kurudi kitarudi. Kilichoharibika muda mrefu siwezi kukuahidi. Vidole tutavisubiri."

Dawa ya sindano ilikuwa nyekundu kama wino wa mwalimu anayesahihisha. Mwanzoni tulikwenda siku kwa siku, baadaye wiki kwa wiki, sasa ni kila mwezi na itakuwa hivyo maisha yake yote. Nyama na mayai vikarudi mezani. Ulimi ulitangulia kupona. Siku moja akaomba pilipili, akala, akatokwa jasho, akaomba nyingine. Miguu ikafuata, kwanza kwa kuchomachoma kama anakanyaga sisimizi, hata akawa analia usiku kwa maumivu, na daktari akatuambia hayo ni maumivu ya kitu kinachoamka. Akaanza kujua ndala zake ziko wapi.

Halafu asubuhi moja nilibadilisha stesheni ya redio.

"Rudisha," akasema.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini, huyo anayepiga kelele kama amefungiwa mlango? Rudisha, Koleo, kabla sijakunyoa."

Nilirudisha. Niliingia nyuma ya pazia nikaosha beseni lililokuwa safi, kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

Kisha akaomba aletewe mtoto. Dada alikaa kwenye kiti kile kisichozunguka, mto chini ya kila mkono, macho wazi, akampokea mjukuu wake. Alimtazama usoni. Akalia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima kwa mara moja. Binti naye akalia. Mimi nikatoka kwenda kununua sabuni tuliyokuwa nayo tayari.

Ningependa kusema vidole navyo vikarudi, nimalizie hapo, tuagane. Havikurudi. Vilirudi nusu. Anafunga vifungo, anashika kikombe, anasuka kwa kasi ileile, mistari imenyooka. Lakini ncha za vidole, pale panapopewa taarifa, zimebaki kimya. Mpe uzi na unywele akiwa amefumba macho, hajui kipi ni kipi. Daktari alijaribu, akajaribu tena baada ya miezi, akasema tumshukuru Mungu kwa tulichokipata.

Dada alipiga moyo konde akaanza na kichwa changu. Aliniweka kwenye kigoda, akasuka, nami nikasema ukweli kwa kila mstari, "Inauma. Bado inauma. Hapo sawa." Kwa maneno yangu akalegeza, na nywele zangu zikatoka vizuri kuliko zilivyokuwa tangu ujana. Tukadhani tumepata dawa. Tukatangaza kwamba Usingizi amerudi, na anaomba mteja aseme pale anapoumia.

Wakaja. Wanampenda, wangeachaje kuja? Mwalimu alikuja, nywele zimeota kiasi cha kushikika. Dada akamwambia, "Mwalimu, vidole vyangu vimekufa. Nisaidie. Nikivuta, sema." Mwalimu akasema bila shaka atasema. Nilimtazama kwenye kioo. Mstari wa kwanza, macho yakapanda. Mstari wa pili, akashika ukingo wa kigoda.

"Inauma?"

"Hapana, dada yangu. Mkono wako ni uleule."

Dada akaacha kusuka. Akazunguka akaja mbele yake, akaona machozi. Alimfungua ile mistari miwili taratibu, akampaka mafuta, akamwambia aende tu, hakuna neno. Mwalimu alipoondoka Dada alikaa kwenye kigoda mwenyewe.

"Watu wazima ni waongo," akasema. "Wataniua kwa heshima zao."

Hakuwa amekufa ganzi siku ile. Alikuwa na uchungu, uchungu kamili, na ulionekana. Nilitamani kumwambia neno la maana, na mimi nikitafuta neno la maana hupata la kipuuzi, kwa hiyo nilichukua ufagio nikafagia.

Wiki iliyofuata aliingia mama mmoja mgeni wa mtaa, na mtoto wa kike wa miaka kama minne, nywele zimejifunga mafundo. Alitaka mtoto asukwe mistari ya shule. Mimi nilikuwa na mteja kwenye beseni, povu hadi kwenye viwiko. Dada akasita, akavuta kigoda, akamkalisha mtoto. Akachana, akagawa, akaanza mstari wa kwanza.

"Bibi, unaniumiza," mtoto akasema, kwa sauti ya kusikika barabarani.

Mama yake akainuka kwenye benchi, amefedheheka. "Nyamaza wewe. Bibi anakusuka vizuri, mtu mzima haambiwi hivyo. Sema samahani."

Mtoto akafunga mdomo. Dada akainua mkono kutoka kwenye kile kichwa kidogo, akamtazama yule mama.

"Usimnyamazishe," akasema. "Mimi vidole vyangu havijui. Huyu ndiye anayejua. Ukimfunga mdomo, nitasuka na nini?"

Yule mama akakaa, hajaelewa vizuri, akasema sawa. Dada akainama hadi kwenye sikio la mtoto.

"Haya, mwanangu. Wapi?"

Mtoto akaugusa mstari. "Hapa," akasema. "Na hapa. Na hapa pia, bibi."

Dada akalegeza hapo, na hapo, na hapo pia.